Waliimba Nyuma ya Nondo: Watoto wa Kuokotwa wa Venice na Suala la Deni

Kwa miaka mitatu mfululizo, katika somo langu la historia ya taasisi za umma, nimekuwa na desturi ya kuwasikilizisha wanafunzi kipande kimoja cha muziki kabla ya kuanza mhadhara wa nne. Ni moteti ya Antonio Vivaldi iitwayo Nulla in mundo pax sincera, iliyotungwa kwa ajili ya sauti moja ya soprano na ala za nyuzi. Muziki ukiisha, huwaambia kwamba mjini Venice waliokuwa mabingwa wa nyimbo za namna hii walikuwa watoto waliotupwa na wazazi wao. Darasa hushangaa, nami huutumia mshangao huo kujenga hoja yangu: jamii ikiamua kuwekeza kwa watoto wake maskini kabisa, watoto hao wanaweza kufika mahali ambapo hata wana wa matajiri hawakufika.

Muhula uliopita hoja hiyo ilinivunjikia mikononi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, ambaye huketi nyuma na hasemi sana, alinyoosha mkono akauliza: "Samahani, Mwalimu. Wale ambao hawakuwa na sauti nzuri, wao waliishia wapi?"

Nilimjibu kwa maneno ya jumla, kama tufanyavyo walimu tunapokutwa hatujajiandaa, kisha nikaendelea na mhadhara. Jioni alinifuata ofisini akanieleza kwa nini aliuliza. Maelezo yake nitayaleta mwishoni, kwa ruhusa yake. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Muziki wenyewe

Tuanze na muziki, kwa sababu bila kuuelewa hatutaelewa ni kitu gani kilichokuwa kikinunuliwa na kuuzwa. Kipindi ambacho wanahistoria wa muziki hukiita Baroko kinakadiriwa kuanza mwaka 1600 na kuishia mwaka 1750. Katika nusu ya mwisho ya kipindi hicho, makanisa ya Italia yalipenda sana moteti ya sauti moja. Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi Mjerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1752, alieleza kwamba kwa Waitalia wa wakati wake moteti ilikuwa utungo wa Kilatini wenye aria mbili na resitativo mbili, unaofungwa kwa Aleluya, na kwamba uliimbwa katika Misa baada ya Nasadiki, kwa kawaida na mmoja wa waimbaji bora waliokuwapo.

Aria ni wimbo wenye sehemu tatu, na sehemu ya tatu ni marudio ya ile ya kwanza. Katika marudio hayo mwimbaji hatarajiwi kurudia kama kasuku. Anatarajiwa kuongeza mapambo yake mwenyewe, papo hapo, mbele ya watu. Resitativo ni maneno yanayosemwa kwa lahani, karibu na usomaji wa kawaida. Moteti za Vivaldi kwa kawaida zina aria mbili, resitativo moja katikati yake, kisha Aleluya. Nyuma ya mwimbaji kuna fidla, viola, selo na ogani. Fidla hutangulia kutoa wazo, mwimbaji akalipokea, na mara nyingi sauti na fidla hufukuzana hadi msikilizaji asijue ni nani anamfuata nani.

Ugumu wake ni wa pumzi na wa koo. Silabi moja ya neno Aleluya inaweza kubeba noti nyingi kiasi kwamba mtu asiyefunzwa hukata pumzi kabla hajafika nusu ya njia. Na kwa kuwa sauti ni moja tu, hakuna wa kujificha nyuma yake. Katika kwaya, mmoja akikosea wenzake humfunika. Hapa kosa husikika hadi mlangoni mwa kanisa.

Uwezo wa namna hii hauanguki kutoka mbinguni. Unahitaji miaka kumi au zaidi ya mazoezi ya kila siku, chakula cha uhakika, mahali pa kulala na mwalimu anayelipwa. Kwa hiyo popote tunapokuta soprano wa kiwango hiki katika karne ya 18, tujue kwamba kuna mtu aliyegharimia. Nasi tuliosoma historia ya taasisi tunajua kwamba anayegharimia mara nyingi huja kudai.

Nani aliruhusiwa kuimba?

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba muziki huu ulitungwa kwa sauti ya juu, iliyo ya kike kwa maumbile, ndani ya Kanisa ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa limewakataza wanawake kuimba katika ibada. Msingi wa katazo hilo ulitafutwa katika Waraka wa Kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, panapozungumzwa kuhusu wanawake kunyamaza katika makusanyiko. Basi sauti ya juu ilihitajika, na mwenye nayo alikatazwa. Kila mji ulitafuta njia yake ya kutoka katika mkwamo huo.

Njia ya Roma ndiyo iliyokuwa ya kikatili zaidi. Wavulana wenye sauti nzuri walihasiwa kabla ya kubalehe ili sauti zao zisivunjike. Mwaka 1589 Papa Sixtus wa Tano alitoa hati iliyopanga upya kwaya ya Mtakatifu Petro na kuwapa matowashi nafasi ndani yake. Kanisa hilohilo lilihesabu kuhasi kuwa dhambi na kosa. Kitendo kililaaniwa, matunda yake yakaajiriwa. Ni mwaka 1903 tu ndipo Papa Pius wa Kumi alipoagiza kwamba sauti za juu katika kwaya za kanisa ziimbwe na wavulana. Towashi wa mwisho anayejulikana sana, Alessandro Moreschi, alirekodiwa kwenye santuri mwaka 1902 na 1904, akafariki mwaka 1922. Hili si jambo la kale mno, kwa maana wako watu walioishi hadi zama za televisheni waliokuwa wamemsikia akiimba.

Kijana Mjerumani, George Frideric Handel, alifika katika mji huo akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Mwaka 1707 alikamilisha hapo Laudate pueri, zaburi kwa soprano mmoja, kwaya na ala, yenye madaha ya sauti ambayo hadi leo huwatoa jasho waimbaji. Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka tarehe 8 Aprili 1708, oratorio yake La Resurrezione ilipigwa katika jumba la tajiri Francesco Maria Ruspoli, na nafasi ya Maria Magdalena iliimbwa na mwanamke, Margherita Durastanti. Papa Clement wa Kumi na Moja akamkemea Ruspoli. Katika onyesho lililofuata, Durastanti aliondolewa na towashi akawekwa mahali pake. Tukumbuke kwamba hilo lilikuwa jumba la mtu binafsi, wala si kanisa.

Waprotestanti hawakuwa na nafuu kubwa. Johann Sebastian Bach, akiwa kijana mwajiriwa mjini Arnstadt mwaka 1706, alihojiwa na wakubwa wake kwa kumruhusu msichana mgeni kuimba kwenye roshani ya kanisa. Mnamo mwaka 1730 mjini Leipzig alitoa kantata Jauchzet Gott in allen Landen, kazi ya soprano mmoja, tarumbeta na ala za nyuzi, ambayo ni miongoni mwa kazi ngumu kuliko zote alizoandikia sauti hiyo. Wakati huo mkewe, Anna Magdalena, ambaye zamani alikuwa soprano wa kulipwa katika ikulu ya Köthen, hakuwa na ruhusa ya kuimba katika makanisa ya mji ambamo mumewe alikuwa msimamizi wa muziki.

Venice ilipata njia ya tatu. Wanawake waliimba kanisani, tena hadharani, tena kwa umahiri uliowaleta wasafiri kutoka Ulaya nzima. Lakini waliimba wakiwa nyuma ya nondo.

Tundu la ukutani

Hospitali ya Pietà ilianzishwa mwaka 1346 na mtawa Mfransisko kwa ajili ya watoto waliotupwa mitaani. Ilikuwa mojawapo ya taasisi nne kubwa za hisani za mji, pamoja na Mendicanti, Incurabili na Derelitti. Neno hospitali hapa lisitupotoshe, kwani zilikuwa nyumba za matunzo kwa wagonjwa, wazee, ombaomba na yatima. Pietà ndiyo iliyopokea watoto wachanga wasio na wenyewe.

Ukutani palikuwa na tundu dogo. Mama alimweka mtoto humo, akaondoka bila kuonekana. Baadhi ya akina mama waliacha nusu ya medali au kipande cha karatasi kilichokatwa, nao wakabaki na nusu nyingine, ili siku moja wakirudi waweze kuthibitisha kwamba mtoto ni wao. Makarani waliandika kila kitu kitabuni: siku, saa, nguo alizovaa mtoto, alama aliyoachiwa. Kisha mtoto alipigwa chapa ya moto ya herufi P mwilini, asije akabadilishwa na mwingine. Nje ya jengo kuna bamba la jiwe lenye tamko la Papa Paulo wa Tatu la mwaka 1548, linalowatishia laana na kutengwa wazazi wenye uwezo watakaothubutu kuacha watoto wao hapo. Ukilisoma kwa jicho la mtumishi wa umma, utatambua mara moja kwamba hiyo ni lugha ya taasisi iliyozidiwa na mahitaji.

Wengi wa watoto hao walipelekwa kwanza kwa wanyonyeshaji vijijini, na wengi walifariki wakiwa wadogo. Waliorudi hai waligawanywa. Wavulana walifundishwa ufundi, na walipofikia ujana waliondoka kwenda kujitafutia maisha. Wasichana walibaki. Kati yao, wachache waliteuliwa kuwa mabinti wa kwaya. Waliobaki waliitwa mabinti wa kawaida. Hao walisokota, walishona, walitengeneza lesi, walifua, walipika na kuuguza. Nyumba ilikuwa na mamia ya wakazi, na mabinti wa kwaya walikuwa makumi machache tu.

Mabinti wa kwaya hawakuwa na ubini. Katika vitabu vya nyumba wanaitwa kwa jina la ubatizo na la kazi: Anna Maria wa Fidla, Apollonia wa Soprano, Prudenza wa Kontralto. Ubini wao ulikuwa kile walichoweza kuifanyia nyumba.

Padre mwajiriwa

Septemba 1703, Pietà ilimwajiri padre mwenye umri wa miaka 25, aliyepewa upadrisho mwezi Machi mwaka huohuo, awe mwalimu wa fidla. Nywele zake zilikuwa nyekundu, na mji mzima ulimjua kwa jina la Padre Mwekundu. Mshahara wake wa kuanzia ulikuwa dukati 60 kwa mwaka. Ugonjwa wa kifua ulimfanya aache kuadhimisha Misa mapema, lakini haukumzuia kutunga.

Sisi tuliozoea kuona jina la Vivaldi limeandikwa kwa herufi za dhahabu husahau kwamba alikuwa mtumishi wa mkataba. Bodi ilipiga kura kila mwaka kuamua kama mwalimu abaki au aondoke. Februari 1709 alipoteza kazi kwa kura saba dhidi ya sita. Mwaka 1711 alirudishwa. Mwaka 1713 mkuu wa kwaya, Francesco Gasparini, alichukua likizo, naye hakurejea. Vivaldi akajikuta akitunga muziki wa ibada ambao haukuwa sehemu ya ajira yake. Mnamo Juni 1715 bodi ilimwidhinishia malipo ya ziada ya dukati 50, na kumbukumbu zinataja sababu: Misa nzima moja, masifu ya jioni, oratorio, moteti zaidi ya thelathini, na kazi nyinginezo. Moteti zaidi ya thelathini katika muda wa miaka kama miwili! Zilizotufikia ni chache.

Takwimu hiyo inatuambia kuhusu padre, na inatuambia zaidi kuhusu mabinti. Mtunzi hawezi kuandika moteti zaidi ya thelathini za madaha kama hana mtu wa kuziimba. Kila moja ilihitaji msichana wa kuipokea, kuisoma, kuikariri na kuitoa mbele ya kanisa lililojaa, pengine baada ya siku chache tu. Padre alilipwa dukati 50 kwa kazi hiyo, na jina lake likaandikwa katika uamuzi wa bodi. Waimbaji hawakutajwa humo.

Mwaka uliofuata taifa nalo likaja kuchukua fungu lake. Venice ilikuwa vitani na Waosmani, na ulinzi wa kisiwa cha Corfu ulipofanikiwa mwaka 1716, Vivaldi alitoa Juditha triumphans, oratorio ya kijeshi iliyoifananisha Venice na mjane Yudithi aliyemkata kichwa jemadari Holoferne. Wahusika wote, pamoja na jemadari mwenyewe, waliimbwa na mabinti wa Pietà. Watoto waliotupwa na jamii ndio waliotumwa kuitangazia jamii hiyo utukufu wake.

Nondo na viti

Roshani za kwaya katika makanisa ya hospitali hizo zilizibwa kwa nondo. Wasikilizaji waliona vivuli, na wakati mwingine ua la komamanga kwenye nywele. Sababu rasmi ilikuwa heshima na usafi wa maadili. Lakini nondo zilifanya kazi nyingine pia: ziligeuza sauti kuwa fumbo, na fumbo huvuta watu. Viti vilikodishwa. Matajiri waliosikia waliacha wosia kwa faida ya nyumba. Bodi ilijua vizuri kwamba kwaya ilikuwa chanzo cha mapato, na ndiyo maana ilikuwa tayari kulipa walimu bora.

Jean-Jacques Rousseau alikuwa Venice mwaka 1743 na 1744 akiwa katibu wa balozi wa Ufaransa. Alikwenda mara kwa mara kusikiliza waimbaji wa Mendicanti na, kama alivyosimulia baadaye katika Maungamo yake, alizichukia zile nondo zilizomficha malaika aliowawazia. Mwenyeji mmoja akampeleka kula nao. Akatambulishwa kwa mmoja mmoja: huyu uso mbaya, huyu ana jicho moja, huyu ameharibiwa na ndui. Alivunjika moyo. Lakini chakula kilipoisha, anakiri, alikuwa karibu kuwapenda wote, na aliporudi kanisani aliendelea kuwaona wazuri kila walipoimba.

Masimulizi hayo hupendwa sana, nami nimewahi kuyasoma darasani kwa kicheko. Sikuwa nimetafakari yanasema nini. Hawa walikuwa watoto wa maskini, waliopitia magonjwa ya maskini. Nondo zilikuwa zikimkinga msikilizaji asiuone umaskini wenyewe, ili aufurahie muziki wake bila usumbufu. Na Rousseau huyohuyo, mwalimu mkubwa wa malezi ya watoto, kuanzia mwaka 1746 hivi aliwapeleka watoto wake watano, mmoja baada ya mwingine, katika hospitali ya watoto wa kuokotwa mjini Paris. Alikuwa ameshaona matunda mazuri ya nyumba kama hizo. Swali la mwanafunzi wangu hakujiuliza.

Binti wa kwaya aliyetaka kuolewa alihitaji ruhusa ya bodi, na mume alitakiwa kuahidi kwamba mkewe hataimba wala kupiga ala hadharani mjini. Nyumba ilimpa mahari, ikabaki na kipaji. Mantiki yake inaeleweka kibiashara: tumekufundisha, hatutakubali utumie ujuzi huo kushindana nasi. Kwa mtu aliyeingia kwenye tundu la ukutani akiwa na umri wa siku chache, bila kutia saini mkataba wowote, mantiki hiyo ni nzito mno.

Wale wasiokuwa na sauti

Nisieleweke vibaya. Sitaki kuibadilisha Pietà kutoka pepo kuwa jehanamu, kwani huo nao ungekuwa uvivu wa fikra. Msichana maskini wa karne ya 18 alikuwa na njia chache: utumishi wa ndani, utawa, ndoa ya mapema, au mtaa. Mabinti wa kwaya walijifunza kusoma, walilipwa vijiposho, walipanda vyeo hadi kuwa walimu wa wenzao, na walipozeeka walitunzwa. Anna Maria wa Fidla, ambaye Vivaldi alimtungia konseto kadhaa, aliongoza na kufundisha kwa miongo mingi, akafariki mwaka 1782 akiwa mzee sana. Ni wanawake wangapi wa Ulaya ya wakati ule, wawe maskini au matajiri, waliopewa miaka sitini ya kufanya kazi ya akili na kuheshimiwa kwa ajili yake?

Lakini swali lilikuwa la wale wengine. Jibu ni kwamba walisokota. Walitengeneza lesi hadi macho yakadhoofika, walifua nguo za kwaya, walipika chakula cha kwaya. Hawakufukuzwa, wala hawakuachwa wafe njaa, na hilo si jambo dogo. Ila hawakuwa sababu ya mtu yeyote kusafiri kutoka Paris. Waliishi nyumba moja na wenzao, wameingia kwa tundu lilelile, wamepigwa chapa ileile, na kilichowatenga kilikuwa umbo la koo.

Hapa ndipo hoja yangu ya miaka mitatu ilipokuwa na kasoro. Nilikuwa nikisema: tazameni, ukiwekeza kwa mtoto maskini atakulipa kwa kipaji. Sikutambua kwamba kauli hiyo inamfanya mtoto astahili matunzo kwa sababu atalipa. Na yule asiye na cha kulipa? Ukiijenga hifadhi ya jamii juu ya msingi wa kipaji, umejenga mashindano, na katika mashindano lazima wawepo wanaoshindwa, hata kama washindwa wenyewe ni watoto wa miaka saba.

Watumishi wa umma wanaonisoma wanaifahamu lugha hii katika sura yake ya leo. Mradi hupata fedha ukiwa na "hadithi ya mafanikio". Ripoti ya mwaka huwekwa picha ya yule aliyefika chuo kikuu. Wanaharakati nao, nikiwamo mimi, hutafuta mtu mmoja mwenye ufasaha wa kusimama jukwaani kwa niaba ya mia wasio na ufasaha. Hatukosei kumpa nafasi. Tunakosea tunapoanza kumhesabia matunzo yake kuwa mtaji, na matunzo ya wale mia kuwa hasara.

Yaliyookolewa na makaratasi

Vivaldi alifariki Vienna tarehe 28 Julai 1741, akazikwa kimaskini. Katika miaka ya 1770 hospitali ya Incurabili ilifilisika. Mwaka 1797 Jamhuri yenyewe ikaanguka mbele ya Napoleon. Wageni wanaoitembelea Venice leo huonyeshwa kanisa zuri la Pietà kando ya maji na kuambiwa hapo ndipo Vivaldi alipofanyia kazi, lakini ujenzi wake ulianza mwaka 1745, miaka minne baada ya kifo chake.

Muziki wake ulilala kwa karibu karne mbili. Mwaka 1926 chuo kimoja cha watawa Wasalesiani katika eneo la Monferrato, kikitaka kuuza vitabu vya zamani, kiliomba ushauri wa maktaba ya taifa mjini Turin. Profesa Alberto Gentili alifungua makasha akakuta miswada ya Vivaldi. Serikali haikuwa na fedha. Roberto Foà, aliyefiwa na mtoto wake mdogo Mauro, alitoa fedha za kununua fungu hilo. Nusu ya pili ilipopatikana kwa mmiliki mwingine, ilinunuliwa mwaka 1930 kwa fedha za Filippo Giordano, naye akiwa amefiwa na mwanawe Renzo. Makusanyo hayo mawili yanaitwa kwa majina ya watoto hao hadi leo. Moteti niliyokuwa nikiwasikilizisha wanafunzi, kwa hiyo, imetufikia kupitia msiba wa baba wawili. Gentili mwenyewe, kwa kuwa alikuwa Myahudi, aliondolewa kazini kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938. Mwaka uliofuata, mjini Siena, liliandaliwa juma la muziki wa Vivaldi, naye hakuwa na nafasi katika sherehe ya kitu alichokigundua.

Kuna fundisho la kiutawala hapa. Tunawajua mabinti wa Pietà kwa sababu makarani waliandika. Hawakuwa wakiandika historia. Walikuwa wakitunza hesabu za mishumaa, nyuzi za fidla na mayai ya ziada kwa waimbaji. Laiti wasingeandika, Apollonia na Prudenza wangekuwa hewa tu. Na kwa kuwa mabinti wa kawaida waliandikwa kwa uchache zaidi, ndio waliopotea zaidi. Karani anayeandika jina la mtoto kwa ukamilifu katika daftari la kituo cha malezi anafanya kazi ambayo profesa wa miaka mia mbili ijayo atamshukuru, hata kama leo hakuna anayemwona.

Jibu kwa mwanafunzi

Sasa nirudi kwenye ile jioni ofisini. Mwanafunzi aliniambia kwamba alilelewa katika kituo cha watoto, yeye na mdogo wake. Wafadhili walipokuja, watoto walipangwa mistari, wakavishwa sare safi, wakaimba. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Siku moja mgeni mmoja aliguswa na sauti yake, akajitolea kumlipia shule, na ada hiyo ndiyo iliyomfikisha chuo kikuu. "Mimi niliimba, Mwalimu," alisema. "Mdogo wangu alikuwa na kigugumizi. Yeye aliishia darasa la saba."

Hakusema kwa uchungu. Wala hakumlaumu mfadhili, na mimi pia simlaumu. Alitaka tu kujua kama katika historia yangu ndefu ya Venice kulikuwa na mahali pa mdogo wake.

Jibu langu ni hili. Mahali pake palikuwapo, katika chumba cha kusokotea, ng'ambo ya ukuta uleule, akisikia mazoezi kila asubuhi. Nilikupa nusu ya historia kwa sababu nusu hiyo ndiyo inayopendeza kuisikiliza, na ninakuomba radhi.

Sitaacha kuupiga muziki ule darasani. Ujumbe wa moteti yenyewe ni kwamba amani ya dunia hii haikosi uchungu ndani yake, na kwamba uovu hupenda kukaa penye mapambo mazuri. Msichana aliyeiimba akiwa nyuma ya nondo huenda aliyaelewa maneno hayo kuliko sisi tunaoyasikiliza. Lakini kuanzia muhula ujao, Aleluya ikiisha, sitauliza tena kama kwanza: mnaona jamii inavyoweza kuinua kipaji? Nitauliza alichouliza mwanafunzi wangu, kisha nitanyamaza, ili darasa ndilo litafute jibu.

Mdogo wake sasa ni fundi wa baiskeli. Nilipomwuliza kama ningeweza kuyaandika haya, alimpigia simu kwanza kumwomba ruhusa. Mdogo mtu alikubali, kwa sharti moja: niandike kwamba hata yeye alikuwapo kwenye ule mstari, akifungua na kufunga mdomo kama wenzake.

Nimeandika.